Baiskeli kati ya daladala na malori ya Dar: jinsi ninavyofika Kariakoo mzima

Kila siku ya kazi natoka Tabata kwenda Kariakoo kwa baiskeli. Nina meza ya kutengeneza simu huko. Nashika Barabara ya Mandela, nakata kushoto kwenye taa za Buguruni, nafuata Uhuru mpaka Ilala, halafu najipenyeza sokoni. Ni nusu saa na ushei. Siku ya foleni nawaacha jirani zangu ndani ya daladala, tunapungiana mikono dirishani.

Watu huniuliza kama siogopi. Naogopa sana, ila nimejua nimwogope nani. Dereva anayekupigia honi na kukutukana ameshakuona. Wa kuogopwa ni yule ambaye hajui kama upo. Karibu kila hatua hapa chini inahusu huyo wa pili.

Hatua ya 1: Kagua breki kabla ya kutoka nyumbani

Kamata breki ya mbele, isukume baiskeli kwa nguvu. Tairi likizunguka, huendi popote. Fanya hivyo hivyo kwa ya nyuma. Raba za breki ni bei ndogo, fundi yeyote wa mtaani anakubadilishia ukiwa umesimama. Kofia ngumu iwe na mkanda uliokaza kidevuni. Ukiiacha ikining'inia, unaibeba bure. Kengele ni ya waenda kwa miguu. Dereva aliyefungulia muziki haisikii, kwa hiyo kwake tumia koo lako: "Oyaa!"

Hatua ya 2: Jifunze kutazama nyuma bila kuyumba

Hii watu wengi wanairuka. Ukigeuza shingo kulia, mikono nayo inavuta usukani kulia, na bila kujua umeshaingia mbele ya gari. Nenda kiwanjani Jumapili, chora mstari mchangani, uufuate huku ukigeuka nyuma. Legeza viwiko, geuza kichwa tu, mabega yatulie. Ukiweza kumtajia mwenzako aliye nyuma yako ameinua vidole vingapi, nawe hujatoka kwenye mstari, umeiva. Mimi nimefunga pia kioo cha pikipiki upande wa kulia, lakini kioo hakimwambii dereva kitu. Uso wako ukimgeukia, anajua unataka kufanya jambo.

Hatua ya 3: Toka ukingoni

Tumelelewa tukiambiwa "baiskeli pembeni!" Pembeni kweli, kwa maana ya upande wa kushoto, lakini si kwenye ukingo wenyewe. Ukingoni ndiko kuliko na mchanga, vipande vya chupa, mashimo, na lami iliyomeguka ikaacha ngazi kuelekea mtaroni. Tena ukijibana huko, dereva anaona nafasi ya kukupita bila kupunguza mwendo wala kuhama njia yake. Anapita akikugusa kiwiko, na wewe huna pa kukimbilia.

Acha kama mita moja kati ya tairi lako na ukingo. Hiyo mita ni akiba yako, siku ukibanwa unaitumia. Magari yaliyoegeshwa nayo yape umbali huo huo, maana mlango hufunguliwa bila hodi. Barabara ikiwa nyembamba kiasi kwamba gari haliwezi kukupita salama, kaa katikati ya njia yako kwa hiyo sehemu fupi. Watapiga honi. Waache wapige. Pakipanuka, rudi kushoto, uinue mkono kushukuru. Nimeona mkono huo ukiwapoza hata madereva wa Kosta wenye hasira za asubuhi.

Usiyumbeyumbe kuingia na kutoka kati ya magari yaliyoegeshwa. Nyoosha mstari wako, dereva aweze kukukadiria.

Hatua ya 4: Ijue tabia ya daladala

Daladala haikuchukii. Inatafuta abiria, na abiria wako kushoto, upande wako. Kwa hiyo usiangalie indiketa, mwangalie konda. Akishika mlango na kuinama nje, au akigonga bodi, gari linaingia kituoni sasa hivi, kukuchomekea mbele. Punguza mwendo.

Ikishasimama, kuna vishawishi viwili. Kupita kushoto ni kuwavaa wanaoshuka. Kupita kulia kunawezekana ukitazama nyuma kwanza na kuacha nafasi, ila magurudumu ya mbele yakianza kugeukia kulia, inaondoka, ghairi. Mara nyingi mimi nasubiri tu nyuma. Hakuna simu iliyowahi kufa kwa kuwa nilichelewa dakika moja.

Kumbuka pia wanaotanua. Foleni ikikaza, magari madogo na bodaboda wanashuka kwenye vumbi pembeni, wengine wakija kinyume. Foleni isikulevye ukadhani uko peke yako.

Hatua ya 5: Usikae kushoto mwa lori

Mandela ni njia ya malori ya bandarini, na hapa sina mzaha. Semitrela likikata kushoto, kichwa kinatangulia kwenda mbele na kuchukua kona pana. Unadhani limekuachia nafasi. Kumbe magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanakata ndani, yakisogelea ukingo mpaka nafasi inakwisha.

Nilijifunza hili Buguruni. Taa nyekundu, nikapenya kushoto mwa trela ili nisimame mbele. Sijafika, taa ikawaka kijani, lori likakata. Niliona ubavu wa trela ukinijia polepole, kama ukuta unaotembea. Niliruka kando, baiskeli ikabaki. Rimu ya mbele ilikunjwa kama chapati, na dereva aliendelea na safari. Sidhani kama alisikia chochote.

Tangu hapo nina sheria moja: lori likiwa mbele yangu kwenye taa, nabaki nyuma yake, mbali kiasi cha kuona vioo vyake vyote viwili. Kuona kioo tu hakutoshi. Tafuta uso wa dereva ndani ya kioo. Usipouona uso wake, naye hakuoni. Na usisimame puani pa lori, maana aliyekaa juu kule haoni kilicho chini ya kioo chake cha mbele.

Hatua ya 6: Kukata kulia, shuka

Jioni nikirudi inabidi nikate kulia kuingia Mandela. Sihami njia kwa njia nikishindana na magari. Nasogea kushoto, nashuka, navuka kwenye pundamilia nikiikokota. Kwenye kipilefti chenye magari mengi nafanya hivyo hivyo. Vijana wananicheka.

Hatua ya 7: Mvua, giza na mwendokasi

Mvua ikianza, lami huteleza kuliko ikishanyesha saa nzima, kwa sababu mafuta na vumbi havijaoshwa. Gusa breki mapema ili raba zikaushe rimu. Dimbwi usilolijua kina, lizunguke, baada ya kutazama nyuma. Saa 12 na nusu jioni washa taa, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, uifute vumbi. Njia ya mabasi ya mwendokasi inatamanisha kwa ulaini wake, usiingie. Yale mabasi marefu yana mita 18 na hayatarajii kukukuta.

Hatua ya 8: Ukigongwa

Toka barabarani kwanza, hata kama unaona hujaumia. Muombe mtu apige picha ya namba ya gari kabla halijaondoka. Nenda kituo cha polisi ukachukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, uende nayo hospitali. Ikiwa hali ni mbaya, ukimbizwe hospitali kwanza, ndugu wafuatilie fomu. Usipokee elfu ishirini ya "yaishe" papo hapo, kwani goti huvimba usiku. Na baiskeli ipeleke kwa fundi aangalie uma wa mbele, ufa mdogo pale hauonekani mpaka siku unakatika.