Kuchagua dansi ngumu za kontra kwa wachezaji wazoefu

Mwenzangu mmoja hapa Massachusetts alipewa zamu ya kuita kontra mbele ya wazoefu watupu, yaani kuwatajia miondoko ya dansi hii ya jozi zilizojipanga mstarini, ambamo kila raundi jozi hucheza na jozi nyingine kisha husogea kwa inayofuata. Akanijia na kadi kumi na mbili, kila moja na dansi yake iliyojaa madoido. Tulikaa jikoni kwangu hadi saa sita usiku, zikabaki tatu. Tulizichuja hivi.

1. Hesabu mapigo. Raundi moja ni mapigo 64 ya muziki, sehemu nne za 16. Hili unalijua.

2. Tafuta ugumu ulipo. Mzoefu hashtuliwi na hei, ule mwendo wa kupishana kama msuko wa ukili. Miguu yake inaujua. Kinachomwamsha ni kutolewa nje ya kikundi chake cha watu wanne: kuvuka mshazari, kumfuata jirani ajaye, yaani mtu wa jozi mtakayocheza nayo raundi ijayo, kisha kurudi, au kuzungushana na kivuli, yule asiye mwenzi wala jirani lakini unakutana naye kila raundi. Jambo moja la namna hiyo linatosha. Kadi yenye matatu irudishe sandukuni. Na dansi isiyo na kuzungushana na mwenzi mimi siiiti kabisa; watu wamekuja kucheza, si kufanya mtihani.

3. Jaribu miisho ya mstari. Hapa ndipo nilipoumbuka. Kwa kawaida jozi ikifika mwisho hukaa nje raundi moja, hubadilishana nafasi, kisha hurudi. Lakini dansi inayovuka kikundi huweza kumhitaji aliye nje raundi ikiwa katikati. Niliwahi kuita moja ya kivuli bila kuipima. Raundi ya nne watu wa mwisho wa juu wa mstari wakabaki wamenyoosha mikono hewani, na bendi ikabidi niisimamishe. Kesho yake nilikaa mezani kwa muda wa saa tatu, nikisogeza vizibo vya soda badala ya wachezaji.

Nawe tumia vizibo, kila jozi na namba yake. Pima mara mbili: kwa jozi nne, kisha tano. Zikiwa nne, raundi moja wote wamo, inayofuata jozi mbili ziko nje, moja kila mwisho. Zikiwa tano, daima kuna jozi moja nje. Kosa linaweza kujificha kwenye nne likajitokeza kwenye tano. Sogeza mpaka kila jozi imetoka na kurudi, ukijiuliza: aliye nje anahitajika lini, na awe upande upi? Dansi nyingine hudai wasibadilishane nafasi mpaka raundi iishe. Sentensi hiyo iandike kwa wino mwekundu, uiseme kabla ya muziki. Dansi za mtindo wa Becket, ambamo mwenzi yuko ubavuni mwako, zipime upya. Miisho yake ina tabia nyingine. Programu za kompyuta zipo, ila mimi naamini vidole.

4. Wapitishe wachezaji kwenye miondoko bila muziki. Mara moja, mbili ukizidi. Wakiomba ya tatu, badilisha kadi.

5. Nyamaza. Mstari ukianza kwenda wenyewe, acha kuita, lakini macho yabaki miishoni.