Andika leo, sahihisha kesho

Kama kaunta buku yako imejaa mistari iliyofutwa, weka penseli kando, shika kalamu ya wino. Tega simu dakika 10, andika bila kurudi juu. Neno likikataa kuja, acha pengo, songa mbele. Wengi hukwama kwa sababu wanaandika huku wanasahihisha. Wazo linakosolewa kabla halijakaa. Kusahihisha kuwe kesho yake, kwa wino wa rangi nyingine.

Mada? Usiitafute mbali. Pita soko la Mbuyuni, Moshi, umtazame mama anayepanga ndizi mshare: mkono wa ndizi anaoutanguliza, ule anaougeuza kuficha michubuko, bei anayoitaja. Mistari mitano kwa siku, hata mibovu, inatosha kabisa. Ukikosa siku moja, usilipize kwa kurasa mbili. Endelea na mitano ileile.