Kabati za juu jikoni zikae urefu gani? Anza na kaunta, dari baadae

Watu wengi wakifikia hatua ya kufunga kabati za juu wanaangalia dari kwanza, fundi anapima kutoka juu kushuka, kabati zinapanda, zinapendeza kweli, halafu anayepika anaanza kuvuta kiti kila akitaka bakuli. Pima kutoka kwenye kaunta kwenda juu, na upime kwa mkono wa yule anayeshinda jikoni, sio wa anayelipa fundi.

Kipimo cha kuanzia ni hiki: kaunta inakuwa sm 90 hivi kutoka sakafuni, kati ya kaunta na kabati unaacha wazi sm 45 mpaka 50, kwa hiyo chini ya kabati panaangukia sm 135 mpaka 140. Mfupi ashuke kuelekea 45, mrefu apande 55 au hata 60, maana mtu mrefu kabati ikikaa chini sana anainama kila saa ndio aone kilichoko nyuma ya kaunta. Ila chini ya 45 mimi sikushauri, blenda haitasimama pale na ukikatakata vitu utakuwa unafanya kazi gizani.

Sasa usiamini namba tupu, jaribu. Tafuta boksi lenye kina cha sm 30, ndio kina cha kawaida cha kabati za juu wakati kaunta yenyewe ina 60, mtu alishike ukutani kwenye urefu unaoutaka na wewe usimame kama unapika. Kama kaunta bado haijajengwa weka meza mbele yako, hili wengi wanalisahau, ukisimama umegusa ukuta mkono unafika mbali lakini kaunta ikikukaa tumboni zile sm 60 zinakula urefu wote. Nyoosha mkono: shelfu ya kwanza ufike mpaka nyuma, ya pili ushike kitu cha mbele bila kuchuchumia, ya tatu ndio ya vile vyombo vinavyotoka wakija wageni. Na usijaribu na mkono mtupu, shika sufuria nzito, utaona penyewe.

Kama jikoni mnaingia wawili, mmoja mrefu mmoja mfupi, msigawane katikati, mfuateni mfupi. Mrefu atainama kidogo, mfupi hawezi kujiongezea mkono.

Halafu sakafu. Sakafu nyingi haziko sawa hata zikionekana sawa, na kaunta inajengwa ikifuata sehemu iliyoinuka zaidi, kwingine wanaweka vipande vya mbao chini kusawazisha. Kwa hiyo tafuta ile sehemu ya juu kabisa kwa pima maji ndefu au mpira wa maji, anzia hapo kupima. Kama vigae bado, ongeza unene wa kigae pamoja na gundi yake, sm 1.5 mpaka 2 hivi, usipoongeza kaunta itapanda na ile 50 yako inakuwa 48. Unene wa granaiti nao uwe ndani ya hesabu, hiyo 90 ni mpaka juu ya jiwe.

Vigae vya ukutani pia vinaweza kukuamulia. Kama vina urefu wa sm 25, safu mbili zinakupa 50 na milimita chache za grauti, ile mistari ya kuziba kati ya vigae, kabati inakaa juu yake hakuna kukata. Mimi nikiwa na uhuru wa sm 2 au 3 naangalia kigae kwanza, ule ukanda mwembamba uliokatwa chini ya kabati unaonekana kila siku.

Juu ya jiko ni habari nyingine, usifuate msitari wa kabati zingine. Feni ya kuvuta moshi ina kitabu chake, kisome, nyingi zinataka kama sm 65 mpaka 75 juu ya moto na gesi inataka zaidi ya umeme. Mbao tupu juu ya moto iache mbali, sm 75 kwenda juu.

Dari sasa. Kabati ya sm 70 ikianzia 140 inaishia 210, dari ikiwa 240 inabaki nafasi ya 30, hiyo unafika na kitambaa. Tatizo ni kuacha sm 8 au 10, mkono hauingii vizuri na mafuta ya kupikia yanaganda na vumbi humo. Ama ipeleke kabati mpaka juu na kipande cha kuziba, ama acha nafasi ya maana. Kuinua kabati yote ili tu ikutane na dari, hapana.

Ukishaamua, piga msitari mmoja ukuta mzima, pigilia ubao ulionyooka chini ya huo msitari ili kabati ziukalie wakati unafunga skrubu. Fungua milango kwanza uone haigongi taa. Na kabla ya kutoboa angalia soketi na swichi ziko wapi, nyaya mara nyingi zinapanda au kushuka wima kutoka hapo, drili isipite juu yake.