Somo: Kuendesha Programu za Zamani kwenye Windows 11

Maduka, zahanati na shule nyingi bado zinategemea programu za stoo au za ada zilizoandikwa kwa Visual Basic 6, lugha iliyotoka mwaka 1998, ambazo zilifanya kazi bila tatizo kwenye Windows XP. Kompyuta ya zamani ikifa na mpya ikaletwa, programu ileile hugoma kufunguka. Hatua zifuatazo zifuatwe kwa mpangilio wake, kwa kuwa anayerukia za mwisho anaweza kuvuruga kumbukumbu za miaka mingi.

Hatua ya 1. Nakili folda nzima ya programu kutoka kwenye diski ya zamani, hasa faili ya data inayoishia na .mdb, na uihifadhi mahali pawili tofauti.

Hatua ya 2. Fahamu programu ni ya biti ngapi. Windows ya biti 64 huendesha programu za biti 32, lakini haiendeshi kabisa zile za biti 16, yaani za DOS (mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows) na za Windows 3.1, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Ujumbe wa "This app can't run on your PC" mara nyingi humaanisha hivyo, na hakuna alama ya kuweka popote itakayoubadilisha. Programu ya DOS iendeshe ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS. Zile za Windows 3.1 zisakinishie Windows ya zamani ndani ya VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako.

Hatua ya 3. Soma ujumbe wa kosa na uuandike neno kwa neno. Ukitaja MSVCR100.dll, kinachokosekana ni kifurushi cha Visual C++ 2010, MSVCR120.dll ni cha 2013, na VCRUNTIME140.dll ni cha 2015 na kuendelea. Vipakue kwenye tovuti ya Microsoft, na kwa programu ya biti 32 uchague toleo la x86 hata kama kompyuta ni ya biti 64, kwa sababu kifurushi hufuata programu, si kompyuta. Tovuti zinazogawa faili mojamoja za DLL, yaani hizi zinazoishia na .dll, ziepukwe kabisa: huwezi kujua faili imetoka wapi wala imebeba nini.

Programu za Visual Basic 6 hudai pia faili kama MSCOMCTL.OCX, na hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa majina ya folda yanapotosha: kwenye Windows ya biti 64, folda ya System32 ndiyo yenye faili za biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye za biti 32. Chukua faili hiyo kutoka System32 ya kompyuta ya zamani, iweke ndani ya SysWOW64 ya kompyuta mpya, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa mamlaka ya msimamizi, kisha andika amri hii ya kuisajili:

C:\Windows\SysWOW64\regsvr32.exe C:\Windows\SysWOW64\MSCOMCTL.OCX

Hatua ya 4. Bofya kulia kwenye programu, chagua "Properties", kisha "Compatibility", na uchague Windows XP. Mpangilio huu huifanya programu iamini kwamba iko kwenye Windows ya zamani; hauleti faili iliyokosekana, ndiyo maana haukutangulia.

Hatua ya 5. Usiweke alama ya "Run as administrator" kabla ya kuelewa jambo hili. Tangu Windows Vista, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika ndani ya Program Files, ilhali programu za zamani huweka data zake humohumo. Badala ya kuikatalia programu, Windows huandika nakala pembeni, katika folda ya VirtualStore iliyo ndani ya AppData\Local ya mtumiaji husika. Makarani wawili wenye akaunti tofauti hujikuta kila mmoja ana daftari lake bila kujua. Siku alama hiyo inapowekwa, programu huanza kusoma faili iliyo Program Files, na mauzo ya mwezi mzima huonekana yamefutika, kumbe yako VirtualStore. Dawa ni kuhamishia programu nje ya Program Files, kwa mfano C:\Stoo, ambako kwa kawaida haihitaji mamlaka ya msimamizi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, programu yetu ya mishahara ni ya DOS, na kila ikifunguliwa inaandika "Runtime error 200". Tatizo ni nini?

Jibu: Imeandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya zamani ya programu. Inapoanza hupima kasi ya prosesa, na kasi ya siku hizi huzidi kiasi ambacho hesabu yake inaweza kubeba. Ndani ya DOSBox, punguza kasi kwa Ctrl+F11 kabla ya kuifungua. Ikiwa mnachapisha hati za malipo, tumieni DOSBox-X, kwa kuwa DOSBox ya kawaida haina uwezo wa kuchapisha.

Swali: Nikiandika 5/3, yaani tarehe 5 Machi, inageuka 3 Mei, lakini 25/3 inakaa sawa. Nashindwa kuelewa.

Jibu: Kompyuta yako imewekewa mpangilio wa Marekani unaotanguliza mwezi, ndiyo maana 5/3 husomwa 3 Mei. Lakini 25/3, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, programu hulazimika kuisoma tarehe hiyo vizuri. Badilisha mpangilio katika "Region" uwe wa Tanzania au Uingereza. Rekodi zilizokwisha kuingia hazitajirekebisha, hivyo zikague zote za tarehe 1 hadi 12.

Swali: Nimekuta faili mbili za .mdb, moja VirtualStore na nyingine Program Files, na zote zina mauzo ya mwezi huu. Nifute ipi?

Jibu: Usifute hata moja, ndugu yangu. Nakili zote mbili, kisha chagua yenye rekodi nyingi iwe ya msingi. Mauzo yaliyo kwenye ile nyingine pekee yaingize upya ndani ya programu kwa kufuata stakabadhi za karatasi, kwa sababu namba za ankara zitakuwa zimegongana na ukiziunganisha faili hizo kwa Access (programu ya Microsoft inayofungua faili za .mdb) bila kuzibadilisha namba hizo, ankara mbili tofauti zitabeba namba moja.