Somo: kutoboa matundu ya kupima mbele ya uso wa handaki, yaani ule mwisho tunaochimba (someni kabla ya kuniuliza)

Wadau, kila wiki meseji ni ile ile, "bosi mwamba umebadilika ghafla tufanyeje?" Ulikuwa hapo tangu zamani, nyinyi ndio hamkupiga hodi. Na hapa Nairobi mawe yamepangwa kama chapati, lava ngumu, chini yake tafu laini, jamii ya yale mawe ya kujengea tunayokata kwa msumeno, halafu lava tena.

1. Soma ripoti ya jiolojia. Yote.

2. Ukishalipua na kuangusha mawe yaliyolegea, chora uso na upige picha kabla shotikriti, ile zege ya kupuliza, haijafunika.

3. Toboa mbele. Hapa ndipo nilichomeka. Ukitoboa mita 30 chimba 22 tu, ndio utoboe tena, hivyo kila wakati una mita 8 unazozijua mbele yako. Mimi nilikuwa msimamizi wa zamu ya usiku, tuko nyuma ya ratiba, nikaona kuacha mita 8 za trakaiti safi, ile lava ngumu, ni hasara, nikamwambia fundi tumalize zote. Saa tisa usiku tunalipua, kukatoka uji. Tafu imelowa, rangi ya chai ya maziwa, inateremka polepole mpaka ikafunika mabomba ya hewa yaliyolazwa chini. Hakuna aliyeumia kwa sababu watu walikuwa bado nje wanangoja moshi uishe. Tulichota wiki tatu.

Kwa hiyo: tundu moja halitoshi, weka moja juu likielekea nje kidogo na lingine ubavuni. Andika kasi ya drili kila mita. Ikianza kukimbia na hujaongeza nguvu, au maji ya drili yanayorudi kutoka tunduni yakabadilika rangi, SIMAMA. Yasiporudi kabisa pia simama, kuna ufa unayameza. Ukihisi kuna maji mengi mbele, anza kwa kufunga bomba lenye koki mdomoni mwa tundu, lishikwe na saruji, ndio utoboe kupitia humo.

4. Bolti, neti na ribu za chuma ziwe karibu na uso, si stoo ya Industrial Area.

5. Pima kuta zinavyosogea kila siku. Milimita nyingi zinazopungua hazinitishi kama chache zinazoongeza kasi.

MASWALI

— Mkubwa kwa kifupi, ni mita ngapi?
Hatua ya 3.

— Kutoboa kunakula masaa, nani atalipa? Huku field si kitabuni.
Na mimi ule uji niliukuta kitabuni? Masaa manne ya kutoboa na wiki tatu za kuchota uji, piga hesabu mwenyewe. Halafu angalia kama kutoboa kuna laini yake kwenye BQ, ile orodha ya kazi na bei za mkataba, isipokuwepo kila kontrakta atakuwa na haraka.

— Samahani mwalimu, mimi bado niko chuo. Mita 8 zinatosha kila mahali? Na ripoti haiwezi kuonyesha hizo tabaka mapema?
Swali zuri sana. Hapana, handaki likiwa pana au maji yakiwa na presha, kizibo chako, yaani zile mita unazoacha bila kuchimba, kiwe kinene zaidi. Ripoti nayo inatoka kwenye visima vichache vilivyochimbwa mbali mbali, katikati ni kukisia. Tafuta habari za handaki la Lötschberg, Uswisi, 1908. Walidhani chini ya bonde kuna mwamba, wakalipua, changarawe na maji vikaingia, watu 25 wakafa, ikabidi handaki lizungushwe. Halafu soma eneo la Piora, kwenye handaki la Gotthard la km 57, Uswisi huko huko. Waliogopa dolomaiti, mwamba unaoweza kumomonyoka kama sukari, wakatoboa kwanza, wakakuta pale handaki linapopita ni ngumu na kavu. Ukikwama niandikie.

— Daftari halilowi huko ndani?
Penseli, si biro. Na tangu juala zipigwe marufuku 2017 natumia pakiti ya maziwa, ioshe vizuri la sivyo utanuka mpaka Ijumaa.

— Ya nusu lita?
Kwa daftari la mfukoni, ndiyo. Michoro naikunja ndani ya mkebe wa elektrodi za welding.