SOMO: Kutambua na kufufua fimbo za zamani za kuvulia za mwanzi uliopasuliwa (soma kabla ya kuuliza)

Wakuu, maswali ni yale yale: "Hii ni ya lini?" "Niipige msasa?" "Viungo vimegoma kuachana, nifanyeje?" Majibu yote nayaweka hapa, na anayeuliza tena nitamrudisha hapa hapa. Somo ni la fimbo za fito sita za pembetatu zilizogundishwa pamoja zikatoa pande sita. Mwanzi mzima wa mviringo haumo. Viungo ni yale mabomba ya chuma yanayounganisha vipande vya fimbo: dume huzama ndani ya jike.

1. Itambue kabla ya kuigusa

Jina la mtengenezaji mara nyingi huandikwa kwa wino juu ya mwanzi, karibu na mpini, na limefunikwa na vanishi tu. Ukikwangua vanishi, jina limekwenda. Tazama pia kitako na kikalio cha rili (kibiringo cha mshipi), mara nyingi huwa na muhuri. Hardy wa Alnwick, Uingereza, waliandika "Palakona" pamoja na namba ya fimbo. Leonard, Payne, Granger na Heddon ni majina ya Marekani ya kukufanya uweke zana chini kwanza. Montague, Horrocks-Ibbotson na South Bend walitoa fimbo kwa wingi. Nyingi si za bei kubwa, na hizo ndizo za kujifunzia kazi.

Jina likikosekana, soma mwanzi wenyewe. Mwanzi wa Calcutta, uliotumika kabla ya ule wa Tonkin kutawala, mara nyingi una madoa meusi ya kuunguzwa. Tonkin, unaotoka Guangdong, China, ni msafi zaidi. Vifungo vingi vidogo vya hariri vilivyopangwa karibu karibu urefu wote ni dalili ya fimbo kongwe. Kisha chungulia ukingo wa ndani wa kiungo jike: ukiona njano chini ya mng'aro mweupe, hiyo ni shaba iliyochovywa kromu, kazi ya bei nafuu. Viungo vizuri ni vya aloi ya shaba, nikeli na zinki, nayo ni nyeupe hadi ndani.

2. Pima

Kila kipande peke yake, bila kuhesabu sehemu ya dume inayozama ndani ya jike. Kwenye fimbo nyingi vipande hulingana. Ncha iliyopungukiwa inchi mbili au tatu ilivunjika zamani, na thamani imeshuka nayo.

3. Piga picha, andika umbali wa kila pete (ya kupitishia mshipi) kutoka nchani

Acha kifungo kimoja cha uzi wa asili kama sampuli ya rangi.

4. Kutoa viungo. Soma mara mbili

Fimbo nyingi nzuri hufia hapa. Fimbo nyingi za kabla ya Vita Kuu ya Pili zimegundishwa kwa gundi ya ngozi (inayochemshwa kutoka ngozi za wanyama), na gundi hiyo hulainika ikifika nyuzi joto 60 hivi. Moto unaolegeza kiungo ndio huo huo unaoachanisha fito chini yake. Kwa hiyo, kabla ya moto wowote, funga uzi imara juu ya mwanzi, kuanzia ukingo wa kiungo kwenda chini sentimita tano, mizunguko ikigusana. Tafuta kwa lenzi pini inayoshikiza kiungo kwenye mwanzi: ni kitone kidogo ubavuni mwa kiungo, mara nyingi kimelainishwa kwa tupa hadi hakionekani. Itoe kwa sindano butu na nyundo ndogo. Ukivuta kiungo wakati pini bado imo, utang'oa nyama ya mwanzi.

Halafu taa ya spiriti. Pasha chuma tu, ukizungusha, sekunde chache, vuta. Haijatoka, pasha tena. Shika kiungo kwa taya za drili ya mkono zilizokazwa kidogo, si kwa plaizi. Vuta moja kwa moja. USIZUNGUSHE. Ndani ya kile chuma kuna mwanzi wa fito sita zilizogundishwa, na ukiusokota unapasua mistari ya gundi. Kikishatoka, acha uzi wako palepale hadi kesho yake.

Na kama kiungo hakitikisiki wala hakilii unapokunja fimbo taratibu, usikitoe kabisa.

5. Ondoa vanishi ya zamani

Mgongo wa kisu, umesimama wima, ukikwangua kwa urefu. Vanishi iliyokauka hutoka kama unga. Hakuna msasa mkali, hakuna dawa ya kutolea rangi karibu na viungo.

6. Nyoosha palipopinda

Joto dogo, pindisha kidogo kupita mstari, shikilia hadi pawe baridi. Onyo la gundi ya ngozi linahusu na hapa.

7. Funga pete

Uzi wa hariri, mwembamba kabisa unaoupata. Nyayo za pete zichongwe kwa tupa hadi ziwe kali kama ukingo wa kisu, la sivyo uzi utaacha pengo unapopanda. Hariri ikinyonya vanishi hugeuka kama kioo na rangi hupotea. Ukitaka rangi ibaki, paka kwanza dawa ya kuzuia.

8. Vanishi

Vanishi ya boti. Koti la kwanza lichanganywe nusu kwa nusu na tapentaini, kisha mawili membamba, siku mbili kati ya koti na koti. Chumba kisicho na vumbi.

---

MASWALI

ndoana_kavu: Mkuu nina fimbo ya babu, ina thamani gani?

Jibu: Hatua ya 1 na ya 2. Leta jina, urefu wa kila kipande na picha ya viungo.

ndoana_kavu: Haina jina. Nilishaipiga msasa ikawa safi kabisa.

Jibu: Basi jina lilikuwepo au halikuwepo, sasa hakuna wa kujua. Pima vipande.

Kipanga: Kwa nini msasa ni mbaya hivyo? Mbao zote tunazipiga msasa.

Jibu: Swali zuri. Tazama mwanzi ulipokatwa, utaona vitone vyeusi: hizo ni nyuzinyuzi. Karibu na gamba zimesongamana, kuelekea ndani zinazidi kuachana. Nguvu ya fimbo iko kwenye tabaka hilo la nje, na ndiyo maana mtengenezaji huweka gamba nje na kuchonga upande wa ndani tu. Nchani, ambako ufito mzima hauzidi milimita mbili, msasa kidogo tu unaila sehemu kubwa ya nguvu, na pembe zikiviringika fimbo inalegea.

Kipanga: Nitajuaje kama gundi ni ya ngozi?

Jibu: Tone la maji ya moto mahali ambapo mshono uko wazi, chini ya kitako kwa mfano. Subiri, gusa. Ikinata kidoleni, ni ya ngozi. Mstari wa zambarau au kahawia iliyokolea ni gundi ya kisasa isiyojali maji. Ukiwa na shaka, ichukulie kuwa ya ngozi.

Seremala77: Orvis yangu haina vanishi kabisa. Niipake?

Jibu: Hapana. Orvis walianza kushindilia resini ndani ya mwanzi wenyewe katika miaka ya 1940. Isugue kwa nta, inatosha.

mzee_wa_mto: Dume na jike vimeng'ang'aniana, nimetia oili.

Jibu: Ifute oili ukimaliza, inakusanya vumbi. Weka barafu juu ya sehemu ya dume iliyo nje, jike lipate joto la kiganja. Muwe wawili: kila mmoja mkono mmoja upande huu wa kiungo na mmoja upande ule, vuteni kwa pamoja.

mzee_wa_mto: Imeachia. Shukrani.

Seremala77: Nyongeza: mpini mchafu wa gamba la vizibo, sabuni ya vyombo na mswaki laini. Msasa unaupunguza unene.

Jibu: Sahihi. Na wakuu, msiifungie fimbo yenye unyevu kwenye bomba lake. Ining'inizwe ndani ya mfuko wa kitambaa hadi ikauke, ndipo iingie.