Kabla hujapandikiza mpunga, ng'oa mche uangalie mizizi

Mvua ya Machi ikikaribia, kila mtu huku Butaleja, mashariki mwa Uganda, anahangaikia mbegu na ng'ombe wa kulimia. Hangaikia na minyoo fundo pia, wale wa udongoni wanaovimbisha mizizi, maana wakishaingia kwenye mizizi, msimu huo huna la kuwafanya.

Mbegu: nunua safi. Minyoo hawa hawakai ndani ya punje, ila mbegu iliyojaa magugu inakupandia chakula chao.

Magugu: palilia mapema, hadi kwenye kingo za majaruba. Nyasi za mpungani na ndago huwalisha hata shamba likiwa limepumzika.

Unalima mpunga wa nchi kavu kama NERICA 4? Ongeza uangalifu, kwa sababu hapo hakuna maji ya kuwazuia. Badilisha mazao: msimu huu mpunga, ujao karanga au simsim. Usipande mpunga palipotoka nyanya, biringanya, bamia au maharage.

Sasa kitalu. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Jirani yangu, mama mchapakazi kweli, alichelewa kusia mbegu. Akanunua miche kwa mtu aliyeiotesha kando ya kisima, palipokuwa na bustani ya nyanya. Miche ilipendeza, ya kijani, imenyooka. Akapandikiza, akafungulia maji, akatulia, kwa sababu wengi tunaamini maji yanamaliza kila kitu. Baada ya wiki kadhaa mabaka ya njano yakatokea katikati ya jaruba. Muuza pembejeo akamwambia mpunga una njaa, aongeze yurea. Akaongeza, kwa pesa ya ada ya watoto. Mabaka yakazidi kupanuka. Siku alipong'oa shina na kulisuuza mferejini, mizizi ilikuwa imejaa vinundu, ncha zimevimba na kujikunja kama ndoana. Mavuno yake yalikuwa haba, na sehemu kubwa mapepe, yaani punje tupu.

Maji yaliyotuama huwazuia minyoo wachanga walio udongoni wasiingie mizizini. Walioingia tangu kitaluni hayawafikii. Mnyoo mchanga, ambaye huwezi kumwona kwa macho, hupenya karibu na ncha ya mzizi na kutulia humo, akiufanya mzizi uvimbe na kumlisha. Jike hutaga mayai kwa mamia, na kwa joto letu kizazi kizima huweza kukamilika kwa takriban mwezi mmoja. Kwa hiyo anayenunua miche yenye minyoo amewalipia mwenyewe wahamie kwake.

Basi otesha miche yako mwenyewe. Eneo la kitalu lifunike kwa nailoni inayoangaza, siyo nyeusi, wiki nne hadi sita za jua kali la Januari, udongo ukiwa umelowa na nailoni imebanwa kingo zote. Ukilazimika kununua, ng'oa michache mbele ya muuzaji, isuuze, utazame mizizi. Akikataa, ondoka. Hata mizizi ikionekana safi, fahamu kwamba minyoo walioingia karibuni bado hawajaonyesha vinundu.

Shamba usilolijua lipime mapema: chota udongo sehemu mbalimbali, jaza makopo mawili, panda mpunga kwenye moja na nyanya kwenye jingine, kisha ng'oa baada ya wiki sita. Ukipata wasiwasi, peleka mizizi pamoja na udongo wake wenye unyevu kwenye maabara ya utafiti wa kilimo Kawanda. Funga kwenye mfuko wa plastiki, uweke kivulini. Udongo uliokauka hautawasaidia kitu wapimaji.

Unayelima kwenye skimu ya umwagiliaji ya Doho, sawazisha jaruba, kwa sababu vilima vinavyobaki wazi juu ya maji ndivyo minyoo wanavyovitumia. Plau ya kukodi ioshe matope kabla haijaingia kwako. Majembe vilevile, na buti. Sumu za unga usimwage ovyo. Huishia mferejini, na ndimo wananywa ng'ombe, na watoto wanavua samaki humo. Na anayekuuzia dawa kabla hajaiona mizizi yako, usimpe pesa.